Waya wa Ardhi

Mama alihamia kwangu Mabatini na santuri arobaini na moja
zimefungwa kwa kanga mbili na kamba ya katani.
Mashine nilinunua mimi, mtumba, sindano mpya.
Nikaichomeka kwenye redio kubwa ya sebuleni
na bendi nzima ikalia kutoka ndani ya kibiriti:
tarumbeta, mbu; mwimbaji, mbu mwingine, mwenye huzuni.
Besi haikuwapo kabisa.

Mama akasema, "Hawa si wale."

Makoroboi, fundi Luhende hakuinua macho kwenye risasi yake.
"Sindano haisemi, dada, inanong'ona.
Kabla ya wa kuipaza, itafutie wa kuisikiliza."
Kisha akanipa jambo nililolala nalo:
santuri ikichongwa, besi huminywa makusudi,
maana ikiachwa ijitanue itabomoa ukingo
na kuingia mfereji wa jirani.
Sauti nyembamba nazo huinuliwa, zishinde mkwaruzo.
Kila santuri, basi, ni barua ya mtu aliyejizuia,
na kijisanduku hiki, fono, ndicho kinachojua
alinyamazia nini, na kwa kiasi gani.

Akaviweka mezani, kati ya koili na maganda ya karanga.
Cheusi cha bati, upana wa mche wa sabuni:
elfu thelathini na nane.
Chenye mbavu za mbao na taa ya buluu:
laki mbili na themanini, "husoma hadi sindano za matajiri."
Cha tatu hakikuwa kimezaliwa.
Angekiunga mwenyewe, nikimwachia nusu ya pesa na wiki mbili,
na wiki mbili za fundi ninazijua,
kitenge changu kimoja bado kinazisubiri kwa mshonaji.

Mimi hukata tiketi za kivuko, upande wa Kamanga.
Nilipiga hesabu kwa abiria, kwa baiskeli, kwa magunia ya mihogo,
na macho bado yakarudi kwenye ile buluu.
Luhende akaliona jicho langu.
"Taa haisikiki," akasema.
Mtu aliyekuwa na bidhaa ya laki mbili na themanini ya kuuza!

Nikachukua bati.

Usiku huo, mvumo. Mmmm,
kama nyuki waliojengewa ndani ya ukuta.
Nyuma ya mashine waya mwembamba wa kijani unaning'inia,
haujafungwa popote. Waya wa ardhi.
Nikatoka nje na tochi kuitafuta ardhi.
Nyumba yetu imeng'ang'ania jiwe kama kupe:
chini ya kizingiti jiwe, chini ya choo jiwe,
mchicha wa mama umeota ndooni.
Nilisimama pale na waya mkononi,
ziwa likimetameta kule chini, lisinisaidie kitu.

Luhende alicheka mpaka salio langu likakaribia kwisha.
"Si udongo, dada! Ni makubaliano tu.
Mashine na sanduku wakubaliane sifuri iko wapi.
Angalia nyuma, kuna skrubu."

Ilikuwapo. Nikaikaza robo mzunguko.

Nyuki wakahama.
Nikasikia mama akipeta mchele, punje kwa punje,
na jirani wa juu ya jiwe akikohoa.
Nikashusha sindano.

Besi iliingia bila haraka,
kama mwenye nyumba aliyetoka tu kununua chumvi.
Ungo ukasimama hewani.
Mama hakulia, hakutabasamu,
alihesabu kwa kidole gumba pembeni mwa ungo,
moja, mbili, tatu,
halafu, "Hapo! Hapo ndipo baba yako alikuwa akikosea hatua.
Kila Jumamosi. Hapo hapo."

Miaka ishirini na sita, sijawahi kuambiwa kwamba alicheza.

Upande uliisha. Sindano ikabaki inazunguka kwenye ukingo wa karatasi,
tik, tik,
na ninajua kwamba inailia sindano,
na ninajua bei ya sindano.
Sikuinuka.
"Rudisha," akasema mama, "ila usianzie mwanzo."